Ya Juu au ya Chini

Teodora Kashindye alipiga chapa nyimbo za kanisa kwa miaka mingi bila kujua hata mmoja unavyoimbwa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wakisikia habari zake hudhani alikuwa mwimbaji. Hakuwa. Mwenyewe alisema sauti yake ni ya kufukuzia kuku, na kanisani alikaa benchi la tatu akifungua mdomo kwa adabu tu. Mwimbaji alikuwa mumewe, Venant, mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya kigango chao huko Mkolani. Venant alitunga, Teodora akachapa, na mimi Moza nikakaa pembeni yao nauza bahasha.

Duka lilikuwa la baba yangu, Mzee Salum, pale Igogo kwenye barabara inayoshuka ziwani. Zamani baba aliuza kanga na sufuria. Biashara ilipoachiwa huru kila mwenye kibanda naye akaanza kuuza kanga na sufuria, baba akaona heri ahamie kwenye karatasi, kalamu na kazi za kuchapa. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Baba akanunua kompyuta iliyotumika kutoka ofisi moja iliyofungwa, na mwaka huohuo akamwajiri Teodora, aliyekuwa amepunguzwa kazi kwenye ofisi nyingine iliyofungwa. Alipenda kusema kwamba vyote viwili alivipata kwa bei nzuri, na Teodora alikuwa akicheka kuliko sisi sote. Ndiyo, wakati huo alikuwa mtu wa kucheka.

Kwa asiyejua, kwaya nyingi za huku hazisomi yale madoa meusi yanayoning'inia kwenye mistari mitano. Zinasoma herufi: d kwa do, r kwa re, m kwa mi, s kwa so, na nyingine zao. Mimi binti wa Kiislamu nilizijua herufi hizo kabla sijamjua padri yeyote kwa jina. Tatizo lake ni moja. Kuna so ya juu na so ya chini, na zote zinaandikwa s. Ili kuzitofautisha, pembeni ya herufi unaweka kialama kidogo sana, ama kwa juu ama kwa chini. Kwenye kompyuta yetu ya zamani, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, Teodora alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kialama kikapanda au kikashuka.

Mwandiko wa Venant haukustahili mwalimu. Vialama vyake vilifanana na mavi ya nzi. Kwa hiyo kila alipokuja dukani jioni baada ya shule, vumbi la chaki bado limo kwenye vinyweleo vya mikono, alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, na kilichosikika hadi tufunge duka kilikuwa ni hiki:

"Ya juu au ya chini?"

"Ya juu, mama."

"Na hii?"

"Chini. Hapana, juu. Nilikuwa naangalia mstari mwingine."

"Baba Gladness, amua moja."

Wateja walikariri. Muuza chai wa jirani akileta vikombe alikuwa ananiuliza, dada Moza, sukari ya juu au ya chini? Hakuna aliyechoka na mzaha huo.

Mwaka wa kwanza Teodora alifanya kosa ambalo Mkolani walilicheka mpaka Pasaka. Kulikuwa na herufi hakuisoma vizuri, akaacha nafasi tupu ili amuulize Venant baadaye, kisha akasahau. Wimbo ukarudufiwa hivyohivyo, kwaya ikajifunza hivyohivyo. Siku ya Krismasi, katikati ya utukufu, sauti zote nne zikanyamaza ghafla, kanisa zima likageuza shingo, kisha kwaya ikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wanakwaya wetu wanaitii karatasi kuliko wanavyomtii padri. Venant alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. "Usipoandika kitu, wananyamaza," alimwambia mkewe. "Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, nimlaumu nani?"

Wimbo wa mwisho uliitwa Ni Kidogo. Ulikuwa wa sadaka. Watu wanapeleka mbele mihogo, mchele, dagaa, na noti zilizokunjwa mara nyingi ili mtu asione thamani yake, na kiitikio kinasema: ni kidogo, ee, ni kidogo. Teodora aliumaliza kuuchapa jioni. Kesho yake asubuhi Venant akapita kabla ya kwenda shule. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka tisini na tano, umeme ulikuwa wa mgawo, na zamu ya Igogo kukatiwa ilikuwa inakaribia. Mimi nilikuwa nabishana na mteja wa kadi za harusi aliyetaka jina la shangazi yake liongezwe bure.

"Hapa kwenye ee," Venant akasema. "Toa mi, weka so."

"Ya juu au ya chini?"

Akamjibu. Teodora akabonyeza, akahifadhi haraka, na kabla hajatoa disketi umeme ukakatika. Venant akasema karatasi za kwaya watachapisha akirudi kutoka safari yake ya Ukerewe. Akaikunja ile aliyoiandika kwa mkono, akaitia mfuko wa shati, akaondoka. Jumamosi yake alipanda mtumbwi wa injini kwenda kwao Ukerewe kuifundisha kwaya ya huko. Upepo uliinuka, mtumbwi ukapinduka. Wengine waliokolewa, wengine waliopolewa siku zilizofuata. Venant hakuonekana, wala shati lake.

Nilikwenda msibani na mama yangu. Wazee wa ukoo wa Venant walingoja, wakangoja, mwisho wakafanya kama walivyofanya babu zao mtu akipotelea majini: wakakata kigogo cha mgomba, wakakivika sanda, wakakizika. Wanawake walilia mpaka wakakauka sauti. Teodora alisimama kando ya shimo ameshika mkono wa mwanawe Gladness, uso wake umetulia kama wa mtu aliye kwenye foleni ya benki. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona kwamba huyu ana moyo wa jiwe. Niligeuka nikamtazama mpaka akainamisha kichwa.

Arobaini haijaisha, alikuwa amesharudi kazini. Alichapa kadi za michango, barua za maombi ya kazi, matangazo ya misiba ya watu wengine, bila kosa hata moja. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpa pole anashukuru. Lakini alikuwa anaongea kama mtu anayesoma bei. Siku moja kwa haraka zangu nilitia chumvi kwenye chai yake badala ya sukari. Niligundua nilipokunywa yangu, nikaitema. Kikombe chake kilikuwa kimekwisha.

"Mama Gladness, hukuona kama ina chumvi?"

"Ilikuwa na chumvi?" akauliza.

Nilienda stoo nikalia mimi. Nasema wazi, nilimkasirikia. Nilitaka apige kelele, avunje kitu, amtukane hata mwenye mtumbwi. Mama aliniambia niache upumbavu, watu hawalii kwa ajili ya kuturidhisha sisi. Lakini mwezi ukapita, mwaka ukapita, magugu maji yakalijaa ziwa pale chini hadi mitumbwi ikawa inasukumwa kwa miti, viwanda vya minofu vikazidi kufunguliwa, mapanki, yale mabaki ya samaki waliokwisha kutolewa minofu, yakaanza kuuzwa hadi mlangoni petu, na Teodora akawa yuleyule. Mvua za El Nino zilipobomoa ukuta wa jiko lake alikuja kazini akachapa mpaka saa ya kufunga, ndipo akaomba ruhusa ya kesho yake.

Kwaya ilikuwa inajua habari za wimbo ule. Venant alikuwa ameshawaambia uko njiani. Nyimbo zake nyingine zilikuwa na nakala zake, kila nyumba Mkolani ilikuwa na karatasi imekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Ni Kidogo ulikuwa kwenye disketi tu, na disketi ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kwenye droo ya Teodora. Wakaja kuuomba, akasema, bado. Wakaja tena, akasema, bado. Padri mwenyewe alipita siku moja kununua utepe wa mashine, akagusia, akaambiwa, bado, Baba.

Mimi nilimuuliza kwa nini mara moja tu.

"Wakishauimba," akasema, "hatabaki na kingine."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye kadi zake.

Sasa nimlete ndugu yangu Lukman. Lukman alikuwa Dar akisomea kompyuta, akarudi mwaka tisini na nane na miwani ya jua na kompyuta mpya nyeupe yenye madirisha, rangi na kipanya. Baba hakulala kwa furaha. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mteja alionyeshwa jinsi herufi zinavyoweza kunenepa na kulala ubavu. "Hiki ni kitu bomba, sista," Lukman alikuwa ananiambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Kwa haki, alikuwa mchapakazi. Alisema programu ya zamani inakufa, karibuni hakutakuwa na mashine ya kuisoma, kwa hiyo kazi zote za wateja lazima zihamishwe kwenye programu mpya. Akahamisha mikataba, barua, katiba za vyama. Akamwomba Teodora kopo lake, Teodora akampa kama unavyompa jirani kiberiti. Lukman akafungua nyimbo za Venant mmojammoja, akaangalia maneno, akaona hakuna neno lililopotea, akahifadhi kwa programu mpya palepale kwenye disketi, kwa majina yaleyale. Herufi za noti aliziona zipo. Za nini zipo, hakujua, na mimi sikujua zaidi yake. Teodora alikuwa mezani kwake amempa mgongo. Kisha baba akaiuza kompyuta ya zamani kwa shule moja ya sekondari huko Ilemela, mwalimu mkuu akaja kuichukua kwa gari la kukodi akiwa amevaa tai.

Haikupita miezi mingi akaja Pius, kijana aliyepokea kwaya baada ya Venant. Msukuma mmoja mrefu, mpole, anayevua kofia hata akiongea na mtoto. Kwaya ilikuwa imechanga fedha ya kurekodi kanda ya nyimbo za Venant, waiuze, wamkumbuke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Pius."

"Mama, sikuja kukusumbua. Nimekuja kukutaarifu tu. Kanda tunaianza. Tumepanga wimbo wa mwisho uwe ule wa Pasaka, maana ndio wa mwisho alioutunga."

Teodora aliinua macho. "Wa mwisho siyo wa Pasaka."

"Mama, watu ndivyo watakavyojua. Kanda ikishatoka imetoka."

Pius akaanza kuvaa kofia yake. Kisha Teodora akavuta droo, akatoa kopo, akatafuta disketi, akampa Lukman. "Mchapie," akasema. "Haya. Waimbe."

Printa ilipiga kelele yake, karatasi ikatoka safi, nyeupe, maneno yamenyooka. Pius aliipokea kwa mikono miwili. Akaanza kuisoma kwa midomo bila sauti. Akasimama. Akarudi mwanzo. Akaigeuza karatasi nyuma, kana kwamba kuna kitu kimeangukia upande wa pili.

"Kaka Lukman, vialama viko wapi?"

"Vialama gani?"

Teodora aliinuka, akaja, akaangalia. Hakuhitaji kuisogeza karibu. "Hakuna," akasema.

Hakukuwa na hata kimoja. Programu mpya ilizichukua herufi zote na kuviacha vialama, kwa kuwa haikujua ni vitu gani. Kila so ilikuwa so tu. Kila do ilikuwa do tu. Wimbo ulikuwa umelala chini wote, hakuna kupanda wala kushuka. Pius alieleza taratibu, anamwonea huruma Lukman, kwamba kwa nyimbo nyingine si neno, karatasi zipo. Huu haujawahi kuimbwa na mtu yeyote. Mahali pengine mtu anaweza kubahatisha, lakini mwalimu Venant alikuwa na tabia ya kuwarusha watu ghafla, kwa hiyo ukibahatisha unatunga wa kwako.

Baba, aliyekuwa kaunta, akasema kwa sauti ndogo kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani angenyamaza.

"Basi," Teodora akasema. Akarudi kwenye kiti chake. Uso ulikuwa uleule wa siku zote, na ningeamini kabisa kwamba halikumgusa, kama nisingeona mikono. Ilikuwa inagonga vitufe bila mpangilio. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine, kisha akaikalia, mmoja chini ya kila paja. Alikaa hivyo mpaka tukafunga.

Lukman hakula siku hiyo. Nimemtania sana ndugu yangu huyu maishani lakini siku hiyo sikumtania. Kesho yake alifika dukani wa kwanza, na mimi nilipoingia nikamkuta ameikazia macho skrini.

"Moza, njoo. Soma majina ya hapa."

Nikasoma. Kwenye disketi ile jina la Ni Kidogo lilikuwa limeandikwa mara mbili, la pili likiwa na kimkia cha herufi tatu.

"Programu ya zamani ilikuwa na akili," akasema. "Kila ukihifadhi kazi, inaweka pembeni nakala ya jana yake. Kwenye disketi nyingine nakala hizo hazipo."

Zilikuwa hazipo kwa sababu Teodora alikuwa anazifuta. Disketi zilikuwa ghali, na yeye alikuwa mtu wa kufagia kila jioni. Ile moja hakuifuta kwa kuwa umeme ulikatika, na baada ya hapo hakuigusa tena. Lukman alisukuma kile kijiti cha pembeni ya disketi ili isiweze kuandikiwa kitu, akaifunga kwenye leso yake. Hakuthubutu kuifungua kwenye mashine yake nyeupe. Ikabidi twende Ilemela.

Tulikwenda wanne, sisi watatu na Pius. Teodora alikuja kwa sababu nilimvuta mkono. Kompyuta yetu tuliikuta ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Haikuwa imewashwa hata siku moja. Walikuwa wanamngoja mwalimu wa kompyuta kutoka wizarani, na mpaka leo sijasikia kama alifika. Mwalimu mkuu aliondoa maua kwa mikono yake mwenyewe. Mashine ikaguna, ikafikiri, ikawaka kijani.

Lukman alimpisha Teodora kiti. Yeye ndiye aliyeijua ile programu. Vidole vilienda vyenyewe, na wimbo ukatokea, na vialama vyote vipo, juu na chini, vidogo vya kijani. Pius alipiga magoti kwenye zulia la mwalimu mkuu ili awe karibu na skrini, akanakili kwa mkono kila sauti, maana printa shuleni haikuwepo. Midomo yake ilikuwa inacheza. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hana habari.

"Mama," akasema, "huu wimbo..."

"Usiimbe," Teodora akasema. "Nakili tu."

Kurudi dukani Pius aliweka karatasi mbili mezani, ile iliyopoteza vialama na hii aliyoinakili, akazilinganisha kwa kidole. Zilikwenda pamoja, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kiitikio. Hapo kidole kikasimama. Kwenye nakala ya Ilemela, juu ya neno ee kulikuwa na mi. Kwenye ile nyingine kulikuwa na so.

Mimi nilikumbuka kabla yao. Toa mi, weka so. Nakala ya Ilemela ilikuwa ya jioni, kabla ya Venant kupita asubuhi. Alichokibadilisha asubuhi kilikuwa kwenye ile iliyoharibika, s peke yake, bila kialama.

"Ya juu au ya chini?" Pius aliuliza. Hakuwa anatania, hakuujua hata huo mzaha wa duka letu.

Teodora alitazama karatasi. "Nilimuuliza," akasema. "Akanijibu. Niliweka alivyosema." Akaigusa ile s kwa ncha ya kidole. "Sikumbuki alivyosema."

Akanitazama mimi. Nilikuwepo siku hiyo, hatua chache tu kutoka walipokuwa. Naikumbuka sura ya yule mteja wa kadi na jina la shangazi yake. Jibu la Venant silikumbuki. Hata sasa, nikiosha vyombo, huwa najaribu kulisikia.

Pius alitoa njia tatu, kwa upole wake uleule. Anaweza kuimba zote mbili, mama asikilize, achague. Au waimbe so ya karibu, ndiyo kawaida. Au waimbe mi, jinsi ilivyokuwa kwanza, maana hiyo nayo ni ya mwalimu mwenyewe, na nani atajua?

"Aliitoa," Teodora akasema.

"Ni kweli, mama, lakini..."

"Aliitoa, Pius. Alipita makusudi asubuhi kuja kuitoa. Leo kwa kuwa hayupo, tumrudishie?" Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, na nadhani hilo ndilo alilokuwa analikataa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kusikia sauti yake ikipanda. "Na usiniimbie za kuchagua. Nikichagua itakuwa yangu. Nilizika mgomba. Nilisimama pale nikazika mgomba kwa sababu mtu hakuonekana, wakasema inatosha. Sitaki kuzika mgomba tena."

Mwenyewe alivuta kiti mpaka kwenye kompyuta nyeupe, ambayo kabla ya hapo alikuwa hajaigusa. Lukman alimwonyesha jinsi ya kupandisha na kushusha vialama kwa programu mpya, na akamwonyesha jinsi ya kuhifadhi kwenye disketi mbili tofauti, na kuchapisha kwenye karatasi juu yake. Teodora akachapa wimbo wote upya, sauti zote nne, beti zote. Kila alipofika kwenye neno ee hakuweka herufi ya noti, na neno lenyewe hakuliweka. Alibonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi, akaendelea.

Pius aliyekuwa amesimama nyuma yake akakohoa. "Mama, hapo kwaya itanyamaza."

"Najua," akasema.

Chini kabisa akaandika jina la Venant, Mkolani, Mwanza, na tarehe ya siku ile ya umeme.

Waliuimba Jumapili moja kabla ya kwenda kurekodi. Mimi nilikwenda nimevaa baibui langu, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kina mama wakanisogelea kwa heshima kama mgeni wa msibani. Teodora alikuwa benchi la tatu na Gladness. Sadaka ikaanza, watu wakajipanga na vikapu vyao, Pius akainua mkono.

Sijui habari za muziki. Najua tu kwamba sauti zile zilipoanza nilisahau kuwa miguu inaniuma. Walipofika kwenye kiitikio wakaimba, ni kidogo, wakanyamaza. Kanisa zima likawa kimya, nikasikia kuku nje. Kisha, ni kidogo. Watu wakageuza shingo kama Krismasi ile ya zamani, na wazee wachache waliokumbuka wakatabasamu. Ubeti wa pili, ni kidogo, kimya, ni kidogo.

Ubeti wa tatu, kwenye ule ukimya, sauti ikatoka benchi la tatu.

Haikuwa ya kuimba. Ilikuwa kubwa, mbaya, imekwaruza, sauti ya kufukuzia kuku kweli, iliyokaa ndani miaka mitatu. Ilijaa pale palipoachwa wazi, ikaendelea hata kwaya ilipoendelea, na Pius hakugeuka, mkono wake ulipiga mapigo vilevile, nao wakamwimbia juu yake na chini yake mpaka mwisho wa wimbo. Nilipita katikati ya watu na vikapu vyao nikakaa kando yake nikamshika. Alilia mpaka baraka ya mwisho. Alilia tukitoka. Yule mama aliyesema ana moyo wa jiwe alimbebea kanga yake.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida, macho yamevimba, amechelewa kidogo. Nikamletea chai. Akaonja, akakunja uso.

"Moza, sukari yote hii ya nini?"

Nikamwambia nitaipunguza. Alikaa akishika kikombe, anaitazama kompyuta ambayo haijawashwa.

"Nimezichapa zote zile," akasema. "Anasimama hapa nyuma yangu, mimi namwambia aamue moja, niwahi kupika. Kumbe zilikuwa nzuri hivyo."

Kisha akalia tena kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniuliza mteja wa kwanza ni nani.